Namna ya Kuchagua na Kujaribu Nyanya Zinazostahimili Wadudu katika Mabonde ya Mtwara na Lindi

Mkulima wa nyanya anapoingia katika duka la pembejeo mwezi Mei, mvua zikiwa zimekatika na maji ya bonde yakianza kushuka, mara nyingi huwa na swali moja tu: ipo mbegu isiyoliwa na kantangaze, yule nondo ambaye kiwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya? Hujibiwa kwamba ipo, huoneshwa pakiti yenye neno “sugu”, hulipa, na miezi mitatu baadaye hujikuta akichuma matunda yenye vitundu. Mimi mwenyewe nilinunua pakiti ya namna hiyo, na nilipoisoma upya baada ya msimu kuharibika niliona kwamba neno lile lilihusu mnyauko, wala halikutaja mdudu yeyote. Aliyeniuzia hakunidanganya, mimi ndiye niliyekuwa sijui kusoma pakiti.

Ukweli ni kwamba hakuna nyanya ya kulimwa ambayo kantangaze hawezi kuila kabisa. Kilichopo ni sifa za mmea, nyingine za kuonekana kwa macho na nyingine za kugundulika kwa kuhesabu, ambazo humpunguzia mdudu hamu, humchelewesha kukua, au huuwezesha mmea kuzaa ingawa umeliwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitambua sifa hizo, namna ya kuzipima katika bustani yako mwenyewe, iwe ni bonde la Lukuledi, kingo za Ruvuma au tuta la kumwagilia kwa ndoo kule Nachingwea, na namna ya kutoziharibu kwa mikono yako.

Kwanza mjue anayekula

Hakuna sifa moja inayozuia wadudu wote. Unywele unaomnasa inzi mweupe huenda usimbabaishe funza mkubwa wa matunda, na ngozi ngumu ya tunda haimsaidii lolote mkulima ambaye majani yake ndiyo yanayofyonzwa. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria mbegu, pita katika bustani iliyopo, yako au ya jirani, ujue ni nani hasa anayekutia hasara.

Kantangaze, ambaye kwa jina la kisayansi amezoeleka kama Tuta absoluta na siku hizi huitwa pia Phthorimaea absoluta, asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006 na akafika Tanzania mwaka 2014. Nondo wake ni mdogo, wa rangi ya kijivu, hujificha mchana na kuruka jioni na alfajiri, na jike mmoja huweza kutaga hadi mayai 260, mengi yakiwa upande wa chini wa jani. Kiwavi anapoanguliwa huingia katikati ya ngozi mbili za jani na kula nyama ya ndani, akiacha baka pana lenye kupitisha mwanga kama karatasi iliyodondokewa mafuta, na ndani ya baka huonekana punje nyeusi za kinyesi chake. Usimchanganye na yule mchoraji wa majani ambaye njia yake ni nyembamba na ya kupindapinda. Huyo ni mtoto wa inzi, na kwa kawaida mmea wenye afya humvumilia.

Inzi weupe hufyonza utomvu, lakini hasara yao kubwa ni virusi vinavyokunja majani na kuyafanya ya njano, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita rasta. Vidukari hujazana kwenye vichomozo. Funza wa matunda, Helicoverpa armigera, hushambulia pia mahindi na mbaazi, na kwa kuwa mbaazi za kwetu huchanua katika miezi ileile ambayo bustani za bondeni zimeshika matunda, bustani inayopakana na shamba la mbaazi haina budi kumtarajia. Utitiri mwekundu, ingawa kwa hesabu ya miguu minane si mdudu, huingia katika orodha hii kwa sababu madhara yake huongezeka kadiri kiangazi kinavyokaza.

Malaika ya jani

Chuma jani changa la mnyanya asubuhi, umande ukishakauka, ulisugue polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vitageuka rangi ya kijani chenye umanjano, baadaye vitaingia weusi ambao sabuni haiutoi kwa mara moja, na harufu kali itapanda puani. Rangi na harufu hiyo kwa sehemu kubwa haitoki ndani ya jani. Inatoka katika vinyweleo vilivyolifunika, vyembamba kama malaika ya mkono wa mtoto. Sasa likunje jani jingine juu ya kidole, ulielekeze ukingo wa mkunjo kwenye mwanga wa anga, na ulitazame kwa kioo cha kukuzia: utaona vinyweleo vimesimama mstari, baadhi virefu na vilivyochongoka tu, na vingine vyenye kichwa cha duara nchani, mfano wa njiti ya kiberiti. Hivi vyenye kichwa ndivyo silaha ya mnyanya.

Wataalamu wamevigawa vinyweleo vya nyanya na jamaa zake wa porini katika aina saba, na zinazohusika zaidi na wadudu ni aina ya nne na ya sita. Ile ya sita ina kichwa chenye chembe nne zilizoshikana, ambacho hupasuka mdudu mdogo anapokigusa na kummwagia mafuta yenye harufu. Ile ya nne ni fupi, na nchani mwake hukaa tone la sukari iliyoungana na asidi za mafuta, lenye kunata kama ulimbo wa kunasia ndege. Inzi mweupe anayetua hapo hupata shida ya kutembea, kufyonza na kutaga, na mwingine hufia papo hapo miguu ikiwa imegandamana.

Bahati mbaya ni kwamba nyanya tunayolima imepoteza sehemu kubwa ya silaha hiyo. Vinyweleo vya aina ya nne huonekana kwenye mche wake mchanga, katika majani ya mbegu na majani ya kwanza, kisha mmea unapokomaa hutoweka. Wenye navyo maisha yao yote ni jamaa zake wa porini. Solanum pennellii, unaoota katika nchi kame ya Peru, umelowa ulimbo huo kiasi cha kunata mkononi. Solanum galapagense, wa visiwa vya Galapagos, unajulikana kwa kuwashinda inzi weupe. Solanum habrochaites, wa miteremko ya Ekuado na Peru, ambao matunda yake hubaki ya kijani na yenye manyoya hata yakiiva, una koo zenye tridekanoni, kemikali iliyo sumu kwa viwavi na vidukari, na koo nyingine zenye aina ya zinjibereni, jamaa wa karibu wa ile iliyomo katika mafuta ya tangawizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, na wale wa Kituo cha Mboga Duniani ambacho kina tawi Tengeru mkoani Arusha, wamefanya kazi ya kuzihamishia sifa hizo katika nyanya ya kuliwa. Ugumu wake unaeleweka: ukimwozesha mnyanya wa shamba kwa mnyanya wa porini, unywele haufiki peke yake, bali huja pamoja na udogo wa tunda, ukijani na ladha mbaya, na huhitajika vizazi vingi vya kuchambua kabla ya kuitenga sifa njema na mzigo wake.

Kwa mkulima wa hapa maana yake ni kwamba aina zilizomo madukani hazitofautiani sana kwa vinyweleo vyenye kichwa, lakini tofauti ndogo zipo na zinafaa kuangaliwa. Ukitaka kulinganisha aina mbili, chukua mimea ya umri mmoja, iliyopandwa tuta moja, na uchume jani la tatu kutoka juu katika kila mmea, kwa sababu jani changa huwa na vinyweleo vilivyosongamana kuliko jani pana lililotanuka. Sugua, nusa, tazama ukingo. Jani linaloacha weusi mwingi na harufu nzito lina vichwa vingi vya kupasuka.

Hapa lazima nitoe tahadhari ambayo vipeperushi vingi huiruka. Wingi wa nywele pekee si ushindi. Inzi weupe, kinyume na matarajio, mara nyingi hupenda kutaga kwenye majani yenye manyoya ya kawaida yasiyo na kichwa, maana huwapa kivuli na hifadhi. Na vile vinyweleo vyenye ulimbo havichagui rafiki na adui: nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya mayai ya nondo hukwama vilevile, na kazi yao hupungua. Kunguni mwembamba wa kijani aitwaye Nesidiocoris tenuis, anayekula mayai ya kantangaze na watoto wa inzi weupe, yeye hutembea juu ya vinyweleo vya nyanya bila taabu. Ukimwona, usimpulizie dawa kwa kudhani ni mdudu mharibifu, ingawa akizidi sana chakula kikiisha huweza kuyatoboa mashina machanga.

Yaliyomo ndani ya jani

Mdudu akishavuka vinyweleo hukutana na ulinzi wa ndani. Majani na matunda mabichi yana tomatini, kitu kichungu ambacho hupungua sana tunda linapoiva, na hiyo ndiyo sababu moja ya sisi kuweza kuila nyanya nyekundu bila wasiwasi. Zaidi ya hapo, mnyanya hujitengenezea kinga pale unapojeruhiwa. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani walionesha kwamba jani la mnyanya likitafunwa, mmea mzima, hata majani ambayo hayajaguswa, huanza kutengeneza protini zinazomzuia mdudu kumeng'enya chakula, hivyo akala bila kunenepa. Ujumbe huo hubebwa mwilini mwa mmea kwa msaada wa asidi ya jasmoni, ambayo jina lake linatokana na ua la yasmini.

Huwezi kuyaona haya kwa kioo cha kukuzia. Unaweza kuyaona kwa matokeo, yaani kwa kumtazama kiwavi mwenyewe, kama nitakavyoeleza katika sehemu ya jaribio.

Kusoma pakiti ya mbegu

Geuza pakiti utafute herufi zinazofuata jina la aina. V na F ni magonjwa mawili ya mnyauko yanayoletwa na fangasi. Ndiyo maana Roma VF inaitwa hivyo, wala jina lake halina ahadi yoyote kuhusu wadudu. ToMV ni virusi vya batobato. HR huashiria ukinzani wa juu, na IR ukinzani wa wastani, yaani mmea utaonesha dalili shambulio likiwa kali. Herufi ya kantangaze huwezi kuipata katika mfumo huo, na mwuzaji akikuambia ipo, mwombe kwa adabu akuoneshe ilipoandikwa.

Mbili za kuzingatia zaidi ni TYLCV na N. TYLCV ni ugonjwa wa kukunja majani. Aina yenye alama hiyo imepewa jeni kutoka nyanya pori, na inaweza kuzaa vizuri hata virusi vikiwemo. Lakini inzi mweupe ataendelea kuifyonza kama kawaida, na atavibeba virusi kutoka kwako hadi kwa jirani aliyepanda aina dhaifu. Hiyo ni sifa ya kustahimili ugonjwa, si ya kumkataa mdudu. Hata hivyo, kwa bustani za karibu na makazi, ambako nyanya za kujiotea na pilipili huwatunza inzi hao mwaka mzima, ningeiweka alama hii mbele ya nyingine zote.

N ni minyoo fundo, wale wanaoifanya mizizi ivimbe mafundo kama shanga. Karibu N zote zinatokana na jeni moja iitwayo Mi, iliyochukuliwa miaka ya 1940 kutoka nyanya pori ya Peru, Solanum peruvianum, kwa kazi ngumu ya kukuza kiinitete nje ya mbegu yake kwa kuwa mimea hiyo miwili haizaliani kwa urahisi. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba jeni hiyohiyo huizuia aina moja ya vidukari wa nyanya na huwapunguza inzi weupe. Kwa hiyo anayenunua N kwa ajili ya minyoo hupata nyongeza asiyoijua.

Lakini Mi ina udhaifu unaotuhusu moja kwa moja sisi tulio ukanda wa pwani: joto la udongo likipita nyuzi 28 za Selsiasi, ulinzi wake dhidi ya minyoo hudhoofika na mizizi huingiliwa. Udongo wa kichanga wa Mtwara ulio wazi juani hulipita joto hilo bila shida, hata Julai. Mkulima aliyelipia mbegu ghali yenye N, akaiacha ardhi tupu kati ya mistari, amenunua mwavuli akauacha nyumbani. Tandaza nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa kiganja, kuanzia wiki ya pili baada ya kuhamishia miche. Mwagilia jioni au alfajiri. Na uhamishie miche mwishoni mwa Mei hadi Juni ili mizizi ishike kabla ya joto la Oktoba. Mwisho wa msimu ng'oa mimea michache uitazame mizizi, kwa maana mafundo ndiyo yatakayokuambia kama N ilifanya kazi.

Tunda, umbo na muda

Ngozi nene na nyama ngumu humpa taabu kiwavi mdogo wa funza, na pia huokoa matunda ndani ya tenga katika barabara zetu. Aina iitwayo Tanya imependwa kwa ugumu huo. Faida hiyo isikufanye uache kukagua chini ya kikonyo, kwa sababu kantangaze hupenda kuingilia hapo, mahali ambapo tundu halionekani mpaka tunda lichumwe.

Umbo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Aina fupi huzaa kwa pamoja na kumaliza. Aina ndefu za kusimikiwa nguzo huzaa kwa miezi mingi. Katika joto la nyuzi 27 kantangaze hukamilisha kizazi kwa siku 24 hivi, ilhali katika nyuzi 20 huhitaji kama siku 40. Kwa zao la siku 90 bondeni, hivyo ni zaidi ya vizazi vitatu katika joto, au viwili na ushei katika baridi. Aina inayowahi kukomaa, ikipandwa ili izae Agosti, humkimbia mdudu hata kama haina unywele wa ajabu. Aina ndefu huzaa tani nyingi, lakini mwenye nayo lazima awe na nafasi ya kupogolea, kuondoa majani ya chini yenye mabaka na kuyafukia au kuyachoma, badala ya kuyaacha kandoni mwa tuta.

Jaribio katika bustani yako

Sifa iliyothibitishwa Arusha au Morogoro huenda isijioneshe kwenye kichanga chenye joto, kwa hiyo sehemu hii ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari na uvumilivu.

Chagua aina tatu au nne, mojawapo ikiwa ile uliyoizoea, iwe kipimo. Tenga matuta yanayofanana kwa kivuli na maji, uyagawe katika mafungu matatu: moja karibu na maji, moja katikati, moja upande wa juu. Katika kila fungu panda aina zote, mimea kumi kwa kila aina, na mpangilio wake uupate kwa kuokota vikaratasi, usichague mwenyewe. Kosa la kawaida ni kupanda aina moja upande wa mto na nyingine upande wa njia, kisha kuisifu mbegu kwa kazi iliyofanywa na upepo. Usipulizie dawa ya wadudu katika eneo hilo. Ikilazimu kwa kuhofia hasara, pulizia aina zote siku moja, kwa bomba moja na kipimo kimoja.

Kila wiki, siku ileile, hesabu mimea mitano ya kila aina katika kila fungu. Fika mapema jua halijapanda, kwa kuwa inzi weupe huwa bado wazito wa baridi na hawaruki ovyo. Geuza jani la juu kwa utaratibu na uhesabu inzi wazima, ambao hupenda majani machanga. Jani la katikati hesabu mabaka ya kantangaze. Jani la chini tafuta watoto wa inzi weupe, wale wa bapa wasiosogea. Wakati wa kuchuma, hesabu matunda mazima na yaliyotobolewa, na uyapime.

Sasa lifuate jambo ambalo daftari peke yake halitalisema. Chuma majani mawili yenye mabaka, moja la aina A na jingine la aina B, uyainue juani. Katika jani la A unaona baka limetanuka hadi mshipa mkuu, ndani yake kiwavi mnene wa kijani anasogea, kinyesi chake bado kibichi. Katika jani la B mabaka ni idadi ileile, lakini ni madogo kama kucha ya kidole cha mwisho, yamekauka rangi ya kahawia, na kiwavi aliyemo ni mdogo, amesinyaa, au hayupo. Aliyehesabu mabaka tu angesema aina hizi ni sawa. Hazifanani hata kidogo: B imeguswa na nondo vilevile, ila inamuua au kumdumaza mtoto wake.

Ndiyo maana wataalamu, tangu miaka ya 1950, hutenganisha mambo matatu. Kuna mmea usiopendwa, ambao nondo huukwepa na kutua kwingine. Kuna mmea unaomdhuru mdudu akishaula. Na kuna mmea unaovumilia, ambao huliwa kama wenzake lakini huendelea kuzaa. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ni ya pesa. Mmea usiopendwa unaweza kuonekana bingwa katika jaribio kwa sababu tu jirani yake wa tuta ni mtamu zaidi. Ukiupanda peke yake bonde zima, nondo asiye na chaguo atautagia, na mwakani utashangaa. Kwa hiyo aina iliyoshinda ijaribiwe tena bila jirani: funika mimea mitatu kwa kitambaa chepesi cha pazia kilichofungwa kwenye fito, ingiza majani yaliyokatwa yenye viwavi hai kutoka kwingine, uyaegeshe kwenye mimea, na baada ya siku kumi uhesabu mabaka mapya na viwavi waliokua. Usitumie chandarua kilichogawiwa kwa ajili ya mbu, kwani vingi vimetiwa dawa, nawe utaisifu nyanya kwa kazi ya chandarua.

Mmea mmoja uliobaki safi katikati ya iliyoliwa usikupumbaze pia. Huenda ulirukwa tu. Uurudie wiki ya pili na ya tatu. Ukiendelea kuwa safi huku jirani zake wakiendelea kutobolewa, funga kitambaa chekundu kwenye shina lake.

Yanayoidhoofisha sifa

Mbolea ya yurea ikizidi hulifanya jani liwe laini, lenye maji na protini nyingi, na hicho ndicho chakula ambacho vidukari, inzi weupe na kantangaze huzaana nacho kwa kasi. Nimeona tuta la aina nzuri likiliwa kuliko la aina dhaifu kwa sababu hiyo pekee. Tumia samadi iliyooza vizuri wakati wa kupanda, kisha yurea kidogo kidogo kwa kutazama rangi ya majani, ukikumbuka kwamba kijani cheusi sana si dalili ya afya.

Kivuli nacho hulegeza mmea. Bustani chini ya mikorosho au minazi iliyosongamana hutoa mashina marefu membamba na majani mapana yenye vinyweleo vilivyoachana.

Kuhusu salfa, ambayo kila nyumba ya huku inayo kwa ajili ya ubwiriunga wa korosho: inaweza kupunguza utitiri kwenye nyanya, lakini haimgusi kantangaze aliye ndani ya jani, na ikipulizwa katika jua kali huunguza majani. Dawa nyingine za mikorosho zisiingizwe kabisa katika bustani ya mboga. Na kwa kuwa kantangaze amekwisha kuzizoea dawa nyingi katika nchi mbalimbali, kupuliza kila wiki bila kuhesabu huua zaidi wale kunguni na nyigu wa msaada kuliko kumuua yeye. Ng'oa ndulele na minavu inayoota pembeni, maana humhifadhi kati ya msimu na msimu.

Kutunza mbegu ya mimea uliyoichagua

Aina za F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza, hazifai kutunziwa mbegu, kwa sababu watoto wake hutawanyika sifa. Tanya, Tengeru 97, Roma VF, Cal J na Marglobe zinafaa, na kwa kuwa ua la mnyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, sifa ya mmea uliofungiwa kitambaa ina nafasi kubwa ya kurudi. Ningeshauri pia uingize katika jaribio vile vinyanya vidogo vya kujiotea karibu na visima na majalala, ambavyo hakuna anayevipulizia dawa na bado kila mwaka vinazaa. Huenda visiwe vya soko, lakini inafaa kujua vinavumilia kwa nini.

Chuma matunda yaliyoiva kabisa kutoka kishada cha pili au cha tatu, kutoka mimea isiyopungua sita, na usisubiri mabaki ya mwisho wa msimu. Kamulia mbegu na maji yake katika chombo cha plastiki, funika kwa kitambaa, uache zivunde siku moja au mbili, maana kwa joto letu siku ya tatu huanza kuota. Osha mpaka ule utelezi utoke, tupa zinazoelea, anika kivulini juu ya ungo au karatasi, ukizigeuza asubuhi na jioni hadi zikauke na kuachana mkononi. Zitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na ndani yake utumbukize kikaratasi chenye jina la aina, namba ya tuta, tarehe, na hesabu ya mabaka uliyoiandika siku ulipofunga kile kitambaa chekundu.